Kutoka Bango Kitita Hadi Meza ya Bodi: Mwongozo kwa Mkufunzi wa Uongozi Aliyeko Mkoani

Kila nikimaliza semina, iwe Tabora mjini au Nzega, kuna mtu hunisubiri mlangoni na ratiba ameikunja mkononi. Swali lake nalijua kabla hajafungua mdomo: "Mwalimu, na mimi nafundisha uongozi mwaka wa kumi huu. Kwenye bodi mtu anaingiaje?" Wengine huuliza kama kuna fomu. Wengine wanaamini lazima uwe na mjomba Dodoma. Nimejibu mara nyingi nimesimama juani, chini ya miembe ile ya barabarani, hadi nimeona heri niandike.

Mimi nilianza kwa kufundisha watumishi na viongozi wa vyama vya ushirika. Nikaingia bodi ya SACCOS (chama cha ushirika wa akiba na mikopo), baadaye bodi ya asasi moja yenye ofisi Kigoma, kisha kampuni ndogo. Nitakueleza njia hiyo kama ilivyo, pamoja na mahali nilipojikwaa. Nadharia za uongozi unazo za kutosha, kwa hiyo sitakuongezea.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Wasifu wa kurasa mbili. Ule wa kurasa tisa wenye kila cheti cha warsha uuache kabatini.
- Watu wawili waliokuona ukisimamia jambo gumu, siyo waliokupigia makofi ukumbini.
- Kikokotoo na daftari la mistari.
- Kibali cha mwajiri kwa maandishi, kama ni mtumishi wa umma.
- Muda. Kikao cha siku moja hula siku tatu: moja ya kusoma kabrasha (nyaraka za kikao), moja ya kikao, moja ya kufuatilia yatokanayo.
- Nauli yako ya akiba. Posho za bodi ndogo huchelewa, na nyingine hazipo kabisa.

Hatua ya 1: Chagua mlango unaofunguka

Bodi ziko za aina nyingi, na kila moja ina namna yake ya kupata wajumbe.

Bodi ya SACCOS au AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima wa mazao) huchaguliwa na mkutano mkuu, na anayegombea ni mwanachama. Kama huna hisa wala akiba pale, huna pa kuanzia. Jiunge leo, weka akiba, kopa kidogo na ulipe kwa wakati, maana rekodi yako ya marejesho ndiyo itakayosemwa vibarazani siku ya uchaguzi. Masharti ya kugombea na usaili muulize afisa ushirika wa halmashauri yako. Ukiwa hapo, soma Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013, na kwa SACCOS ongeza Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018.

Asasi zisizo za kiserikali huwa na bodi za kualikwa. Kigoma, Kasulu na Kibondo ziko nyingi kwa sababu ya shughuli za wakimbizi, na nyingi zinahangaika kupata wajumbe wanaoishi karibu. Mtu wa Tabora anayeweza kupanda treni ya Kigoma ana nafasi kuliko anavyodhani.

Bodi za shule za sekondari hazina hela, ila zina kazi halisi. Mwone mkuu wa shule na ofisi ya elimu.

Kampuni binafsi: Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 kwa kawaida inataka kampuni iwe na wakurugenzi wasiopungua wawili. Kampuni nyingi za mkoani zina baba na mama, au mtu na shemeji yake, kisha basi. Zikianza kutafuta mkopo mkubwa ndipo hukumbuka kumleta mtu wa nje. Hapo ndipo pako.

Mashirika ya umma ni habari nyingine. Uteuzi hutoka juu. Kwa kawaida mwenyekiti ni wa Rais na wajumbe ni wa waziri mwenye dhamana. Hakuna dirisha la kuchukulia fomu. Nawaambia wanaoniuliza wasianzie hapo, na bado nusu yao wanaanzia hapo hapo.

Hatua ya 2: Geuza wasifu wako

Wasifu wa mkufunzi husema: "Nimefundisha washiriki 1,200." Anayetafuta mjumbe wa bodi hasaidiki na hilo. Anataka kujua umeamua nini, umesimamia fedha za nani, na ulimwambia nani "hapana".

Chukua kila mstari unaoanza na "nimewezesha" ujiulize nini kilibadilika baada ya wewe kuondoka. Mfano wangu: nilikuwa nimeandika "mafunzo ya uongozi kwa wajumbe wa bodi za AMCOS." Nikabadilisha ikawa: "Nilikaa na bodi tatu za AMCOS wakati zikiandaa ukomo wa madeni (kiasi cha juu ambacho chama kinaruhusiwa kukopa), zikaupeleka mkutano mkuu zikiwa na mahesabu ya pembejeo mkononi." Kazi ni ile ile, ila mstari wa pili unasikika kama wa mtu aliyewahi kukaa kwenye meza yenye deni.

Angalizo: usidanganye. Tabora ni ndogo. Aliyekuwepo siku hiyo atakuwa anakunywa chai meza ya pili.

Hatua ya 3: Jifunze hesabu, na usikwepe

Hapa ndipo wakufunzi wengi wanapokwama, na hapa ndipo nitakaa zaidi.

Sisi tumezoea kuishi kwa maneno. Ikifika agenda ya taarifa ya fedha tunageuza kurasa taratibu, tunatikisa kichwa, tunangoja mhasibu mstaafu aliye mwisho wa meza aulize. Nilifanya hivyo vikao viwili vizima. Cha tatu yule mzee hakuja, meza nzima ikanitazama mimi, na sikuwa na la kusema.

Huhitaji kuwa mhasibu. Unahitaji kusoma karatasi tatu: mizania, mapato na matumizi, na mtiririko wa fedha. Tafuta mhasibu rafiki, mnunulie chakula cha mchana, mwambie akupitishe kwenye hesabu zilizokaguliwa za mwaka mmoja, mstari kwa mstari. Rudia mwezi ujao kwa hesabu za chama kingine. Mara nne zinatosha kukutoa woga.

Nitakuonyesha jambo moja tu, la SACCOS, maana lilinifungua macho. Chukua mfano wa kubuni. Chama kimekopesha, na mikononi mwa wanachama kuna shilingi milioni 400. Wako wanachama waliochelewa kulipa kwa zaidi ya siku 30. Marejesho waliyoruka jumla yake ni milioni 6. Taarifa ya meneja inasema: "Ucheleweshaji ni asilimia 1.5." Wajumbe wanapumua, mnaenda agenda inayofuata.

Sasa uliza: hao waliochelewa, salio lote la mikopo yao ni kiasi gani? Jibu likiwa milioni 48, basi kilicho hatarini si asilimia 1.5, ni asilimia 12. Kwani mtu aliyeacha kulipa rejesho la mwezi huu hajakutishia kwa rejesho moja. Amekutishia kwa mkopo mzima. Meneja huenda hajadanganya kitu. Amehesabu milioni 6 kwa sababu hakuna aliyemuuliza juu ya zile milioni 48.

Na hapa kwetu lipo la msimu. Mkulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua au Sikonge hana hela mwezi wa pili. Tumbaku iko shambani na kwenye mabani inakokaushwa. Masoko yakifunguliwa na malipo yakiingia ndipo anapolipa. Kwa hiyo taarifa ya mwezi wa tatu itaonekana mbaya na ya mwezi wa nane itaonekana nzuri, na zote mbili zinaweza kukupotosha. Linganisha mwezi wa tatu na mwezi wa tatu wa mwaka jana. Na kama ni AMCOS, uliza pia juu ya dola: bei ya tumbaku kwa miaka mingi imekuwa ikipangwa kwa dola, sasa shilingi ikipanda au kushuka kati ya kuchukua pembejeo na kuuza, nani anabeba tofauti? Swali hilo ni fupi, lakini nimeliona likisimamisha kikao kwa saa nzima.

Jifunze pia lugha ya mkaguzi wa nje. Kwa vyama vya ushirika mara nyingi utakutana na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika. Hati inayoridhisha, hati yenye shaka, hati isiyoridhisha: jua tofauti. Kisha ruka moja kwa moja hadi barua ya mkaguzi kwa menejimenti, pale mwisho ambapo wengi wameshachoka kusoma. Hoja iliyojirudia miaka mitatu ina maana bodi ilikuwa imelala miaka mitatu.

Hatua ya 4: Sema unachotafuta

Waambie watu watatu, siyo kundi zima la WhatsApp. Mmoja awe mkaguzi au mhasibu, mmoja mwanasheria, mmoja mtu wa benki. Hao ndio huulizwa, "Unamjua nani anayeweza kukaa kwenye bodi?" Waambie wazi: niko tayari kuanzia kwenye kamati. Asasi nyingi huruhusu mtu wa nje kwenye kamati ya bodi, na mwaka mmoja wa kamati ya rasilimali watu utakufundisha kuliko kozi mbili.

Hatua ya 5: Ukialikwa, kagua kwanza ndipo ukubali

Mwaliko wa kwanza hulevya. Mimi nilikubali kwa simu, nimesimama sokoni nanunua asali, kabla hata sijajua asasi imesajiliwa chini ya sheria gani.

Omba hivi, na usione aibu:

- Katiba ya asasi, au masharti ya chama, au katiba ya kampuni.
- Hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu.
- Mihtasari ya vikao vinne vya mwisho.
- Orodha ya kesi na madeni, hasa michango ya NSSF ya wafanyakazi na kodi za TRA.
- Barua ya uteuzi inayosema muda wa utumishi, idadi ya vikao na posho.

NSSF naitaja makusudi. Taasisi iliyowakata wafanyakazi mishahara isipeleke michango imekuonyesha tabia yake hata kabla ya kikao cha kwanza. Na mihtasari isome kwa jicho la mkufunzi: nani huongea, nani hajatajwa hata mara moja, ni agenda gani huahirishwa kila kikao? Ukiona "suala hili lijadiliwe kikao kijacho" mara nne mfululizo, umekwisha kujua ugonjwa ulipo.

Wakikataa kukupa hesabu, shukuru na uage.

Hatua ya 6: Kikao cha kwanza, kaa kitako

Hili nalisimulia ingawa linaniaibisha. Kikao changu cha kwanza cha SACCOS, agenda namba tatu, wajumbe wawili walianza kubishana juu ya meneja. Nikaona huo ni mgogoro wa mawasiliano, kitu ninachokifundisha kila mwezi. Kulikuwa na bango kitita pembeni, yale makaratasi makubwa ya kuandikia semina. Nikainuka, nikachukua maka peni, nikachora visanduku vinne, nikaanza kueleza aina nne za wasikilizaji. Nikagawa hata mazoezi ya wawili wawili. Mwenyekiti, mzee wa Kinyamwezi mpole sana, alinisubiri nimalize. Akasema, "Ahsante mwalimu. Tumejifunza. Sasa turudi kwenye agenda: meneja amekopesha bila dhamana, tunafanyaje?"

Kumbe hapakuwa na mgogoro wa mawasiliano. Palikuwa na mkopo usio na dhamana.

Kwa hiyo kikao cha kwanza: fika mapema, wasalimie wote hadi mhudumu wa chai, kaa, soma, andika maswali, uliza mawili tu. Kabrasha lako liwe na alama za kalamu. Wenzio wataziona, na meneja pia. Jua akidi, yaani wajumbe wanaotosha kikao kuwa halali, ni wangapi. Kama una maslahi kwenye agenda yoyote, sema mwanzoni na omba yaandikwe kwenye muhtasari, kisha toka nje agenda hiyo ikijadiliwa. Usibaki umekaa kimya ukidhani ukimya ni kutoka.

Hatua ya 7: Tumia ufundi wako kwa njia ya maswali

Ukufunzi hautupwi. Bodi nyingi zina mhasibu na mwanasheria, lakini hazina mtu anayejua kiongozi anavyokomaa au anavyooza. Hapo ndipo thamani yako. Maswali ambayo nimeona yakifanya kazi:

"Meneja akiugua kesho miezi mitatu, nani anashika ofisi, na bodi imeshamwona akifanya kazi?"

"Lini mara ya mwisho tulimpima meneja kwa malengo tuliyokubaliana naye kwa maandishi?"

"Wafanyakazi wangapi wameondoka mwaka huu, na nani aliongea nao kabla hawajaondoka?"

"Na sisi wenyewe, nani ametupima?"

Ukiuliza, nyamaza. Kunyamaza baada ya swali unajua, umewafundisha wengine.

Angalizo kubwa, na hili lilinigharimu: huwezi kuwa mjumbe wa bodi na kuiuzia taasisi hiyo hiyo mafunzo. Asasi moja niliyokuwa mjumbe wake iliniomba nifundishe wafanyakazi wake siku tatu, kwa malipo ya kawaida. Nilifundisha vizuri tu. Mkaguzi wa nje akaandika mstari mmoja kwenye barua yake: malipo kwa mjumbe wa bodi bila ushindani wala tamko la maslahi. Nilirudisha hela, lakini mstari ule bado uko kwenye faili. Ukiingia bodini, ukubali kupoteza mteja. Kama mteja huyo ndiye anayekulisha, usiingie.

Angalizo la pili: usiende ofisini katikati ya wiki "kuwasaidia" wafanyakazi. Wakikuzoea watakuletea malalamiko ya meneja juu ya chai, na siku bodi ikimjadili meneja utakuwa umeshachukua upande.

Hatua ya 8: Kupanda ngazi

Baada ya muhula mmoja, omba kuongoza kamati. Kamati ya ukaguzi ikikubali kukuchukua, usikatae hata kama unaiogopa.

Kisha tafuta mafunzo rasmi. Taasisi ya Wakurugenzi Tanzania inafundisha wajumbe wa bodi, na Taasisi ya Uongozi, iliyoanzishwa mwaka 2010, ina programu za viongozi wa ngazi za juu. Hapa Tabora tuna kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma, na wengi wetu tulipitia pale kama wanafunzi au wakufunzi. Waulize kozi zilizopo kabla hujakata tiketi ya Dar es Salaam. Cheti hakitakuingiza bodini peke yake, ila kitakufanya usikike unapoitwa.

Ukifika kwenye bodi ya benki, jua Benki Kuu hupekua kila anayependekezwa: elimu, madeni, mwenendo. Mkopo wa zamani ulioutelekeza utaibuka hapo.

Kuhusu hela, kwa kuwa kila mtu huuliza akiwa ananong'ona: ada ya ukurugenzi kwa asiye mtendaji hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15 kabla haijakufikia. Bodi ndogo za mkoani hazitakulisha. Endelea kufundisha mahali pengine.

Ukikwama

*Kabrasha linaletwa usiku wa kuamkia kikao.* Usipige kelele kikaoni. Mwandikie katibu wa bodi baada ya kikao, na mwenyekiti apate nakala, ukiomba siku saba. Likijirudia, omba agenda ya fedha iahirishwe kwa sababu haijasomwa, na hilo liandikwe. Mara ya pili kabrasha litawahi, utaona.

*Mwenyekiti hakupi nafasi ya kusema.* Mpigie kabla ya kikao. "Shikamoo mzee, nina swali moja kwenye agenda ya nne, naomba unikumbuke." Mzee aliyeombwa kwa heshima mapema huona vigumu kukunyima mbele za watu.

*Wajumbe wenzangu ni ndugu wa mwanzilishi.* Hutawatoa. Anza na kitu kimoja kisichomgusa mtu: daftari la maslahi, kila mjumbe ajaze biashara na uhusiano alionao na taasisi. Wengine watacheka. Jaza la kwako kwanza.

*Nimegombea SACCOS nikashindwa.* Baki mwanachama, hudhuria mkutano mkuu, uliza swali moja zuri juu ya makisio ya mapato na matumizi. Mimi nilipata kura chache mara ya kwanza, na swali langu la mwaka uliofuata ndilo lililonipa kura.

*Bodi imepitisha jambo ninaloona ni kosa.* Sema unapinga na kwa nini, omba jina lako liandikwe kwenye muhtasari, kisha heshimu uamuzi. Usitoke na maneno hadi kijiweni.

*Jambo lenyewe si kosa tu, ni wizi.* Weka hoja yako kwa maandishi kwa mwenyekiti. Kama ni chama cha ushirika, Mrajis Msaidizi wa mkoa yupo na mlango wake unafahamika. Ukiona hakuna kinachoendelea, jiuzulu kwa barua yenye tarehe na sababu, siyo kwa kuacha tu kuhudhuria, maana jina lako litaendelea kusomeka kwenye nyaraka. Kwa kampuni, hakikisha mabadiliko yamefika BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Barua ipeleke mwenyewe, chapa nakala mbili, katibu agonge mhuri wa kupokea kwenye zote, na moja urudi nayo nyumbani.